Dakika ya Giza

Kwenye beji yangu zimo lugha tatu:
Kiarabu, Kiingereza, na Kijerumani cha kubabaisha.
Kiswahili hakimo. Hicho ni cha nyumbani,
cha bibi yangu Zuwena, aliyezaliwa Wete
akaja kufia hapa Al Hamra, akiulizia mabungo.

Ijumaa ile garimoshi letu dogo lilikuwa bovu
(wageni tuliwaambia "matengenezo"),
tukaingia pangoni kwa miguu, watu kumi na wanne:
familia moja ya Sohar, saba na mtoto wao wa mgongoni,
Wajerumani wawili na fimbo zao za kupandia milima,
na wanawake watano waliochangiana teksi kutoka Nizwa,
siku yao moja ya mapumziko kwa mwezi.

"Huyu kijana masikio kama mishikio ya sufuria,"
alisema mmoja, wenzake wakachekea mitandioni.
Nikaendelea na Kiingereza changu: chokaa, tone,
miaka elfu kwa unene wa kidole.
"Miaka elfu! Na mimi juzi nimegombezwa chai imechelewa."
Nikauma shavu kwa ndani.

Tukashuka. Vyuma vya ngazi vimelowa,
harufu ya mvua ya zamani iliyosahau kutoka.
Ziwani niliwaonyesha samaki, rangi ya ufizi wa kitoto;
pale yanapostahili kuwa macho, ngozi tupu.
"Hawaoni," nilisema, "kwani hapakuwa na cha kuona."
Yule mrefu, waliyekuwa wakimwita Kadzo,
aliinamia kizuizi muda mrefu kuliko Wajerumani.

Halafu lile ambalo kila mgeni hulilipia:
nazima taa, dakika moja, kwa saa yangu.
Giza la pangoni si giza la usiku.
La usiku lina mianya. Hili limejaa hadi kooni,
unainua mkono na mkono haurudi na habari.
Mtoto wa Sohar akaanza kulia, akabembelezwa.
Tone. Kimya. Tone.

"Kitendawili," alisema Kadzo.
"Tega!" Sauti nne, papo hapo, kama watoto.
"Naingia kila chumba, hakuna ajuaye nimeingia."
"Moshi."
"Siyo."
"Usingizi."
"Siyo."
"Panya wa kule kwa Mwanakombo!"
"Panya hupigiwa kelele. Siyo. Nipeni mji."

Wakasita. Dakika ilikwisha zamani,
kidole changu kiko kwenye swichi,
na hapo ulimi ukateleza:
"Chukua Nizwa."

Kile kimya sitakisahau.
Mtu akanong'ona, "Mama yangu, masikio,"
lakini Kadzo hakushtuka, au giza lilimsitiri.
"Nizwa sitaki. Nizwa naipiga deki kila alfajiri."
"Chukua Maskati."
"Maskati niliiona dirishani mwa gari, usiku, mara moja. Irudishe."
Miji ikaniishia. Nikachakura kwa bibi.
"Chukua Wete."
"Wete kuna nini?"
"Mabungo," nikasema. Mimi bungo sijapata kuliona.

Akafikiri. Tone. Tone.
"Haya. Nimekwenda Wete, nimekula mabungo,
nimelala mpaka jua likanichoma nyayo,
hakuna aliyeniita. Nimerudi.
Jibu ni mimi."

Taa zilipowaka kila mtu alitazama kitu kingine:
Wajerumani dari, wale wanne vidole vya miguu yao.
"Angalieni ngazi, kumelowa," nikasema kwa Kiswahili,
maana sasa ningekificha wapi?
Kadzo akanipita, akasimama kidato kimoja juu.
"Ulitusikia tangu lini?"
"Tangu mishikio ya sufuria."
Kicheko chake kilitangulia kutoka nje,
sisi tukakifuata.

Daftari la zamu, ukurasa wa Ijumaa, mwandiko wangu:
Wageni, kumi na wanne. Giza, dakika moja.
Aliyeteleza, hakuna.